Gemu ya Mjomba na Betri Nne

Kwenye meza yangu, katikati ya multimita na kikombe cha chai ambacho sitaki kukuambia kina siku ngapi pale, kuna kitu cha kijivu mfano wa tofali dogo. Kina kioo cha kijani kilichopauka, vitufe viwili vya rangi ya damu ya mzee, na kitufe cheusi chenye umbo la msalaba. Ukikigeuza mgongoni unakuta mfuniko, na ndani yake nafasi ya betri nne ndogo, zile za saa ya ukutani. Ni Game Boy. Tena si ile ya rangi iliyokuja baadaye. Hii ni ile ya kwanza kabisa, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989.

Ni ya mjomba. Mjomba alikuwa baharia, na aliinunua Kobe mwanzoni mwa miaka ya tisini, pamoja na redio kaseti na blanketi ambalo mpaka leo lipo. Sisi wapwa zake tuliikuta nyumbani kwake Tanga miaka kumi na kitu baadaye, ikiwa na kaseti moja tu, Tetris, na sheria nne: mchana tu, karibu na dirisha, nusu saa kila mtu, na atakayeisahau inawaka ananunua betri. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotutisha. Hakuna mtoto aliyekuwa na hela ya betri nne.

Nikwambie ukweli, nilikuwa naionea aibu. Mtaani tayari palikuwa na kibanda cha pleisteshen, televisheni imewekwa juu ya kreti za soda, wachezaji wa mpira wanakimbia kwa rangi zote. Halafu wewe unarudi nyumbani kushika kidubwasha ambacho ukikaa gizani huoni kitu. Nilidhani mjomba aliuziwa kitu cha kimaskini huko Japani, akawa haelewi.

Mwaka jana alinipa. "Wewe si ndiye fundi wa shahada? Haya, ifufue." Nilipoifungua ndipo nilipogundua kwamba asiyeelewa nilikuwa mimi.

Twende taratibu basi. Kwanza ugonjwa wenyewe. Betri za mwisho alizoacha humo zilikuwa za alkali, na betri za alkali zikichoka zikaachwa miaka, huvuja potasiamu haidroksaidi. Chuma kinachozishika kilikuwa kimeota magamba meupe na ya kijani. Dawa yake ipo jikoni kwako: siki. Siki ni asidi, ule uchafu ni alkali, vinakutana vinaunguruma kidogo, unasugua kwa mswaki wa zamani, unafuta, unakausha. Kioo nacho kilikuwa na mistari mitatu ya wima iliyokufa. Hapo tatizo ni gundi inayounganisha utepe wa nyaya na kioo. Ikilegea, safu nzima ya nukta inakosa umeme. Unaipitishia juu yake ncha ya chuma cha kulehemu, kwa moto mdogo, pole pole kama unapiga pasi kitambaa cha hariri. Mstari mmoja ukarudi. Wa pili ukarudi. Wa tatu ulinisumbua mpaka saa saba usiku.

Kisha nikaweka betri mpya, nikaiwasha bila kaseti, nijaribu tu. Ukishawahi kuishika utakumbuka: jina Nintendo hushuka polepole kutoka juu ya kioo, likifika katikati inalia, *ting*. Bila kaseti kilichoshuka ni kipande cheusi, kama mtu amefuta jina kwa wino. Nilipigwa butwaa, nikadhani nimeiharibu.

Kumbe hapo pana jambo tamu. Ndani ya mashine kuna programu ndogo ya kuwashia yenye baiti 256 tu. Sentensi mbili tatu za makala haya zinaijaza hiyo nafasi. Kazi yake kubwa ni hii: inasoma picha ya lile jina kutoka ndani ya kaseti, inaionyesha kwenye kioo, halafu inailinganisha na nakala yake yenyewe. Zikitofautiana, mashine inagoma. Bila kaseti hakuna cha kusoma, kila biti inasomeka kama 1, na 1 zikijipanga zote ndiyo ule weusi. Sababu ya mtihani huo ilikuwa ya kisheria: anayetaka kutengeneza kaseti bila ruhusa ya kampuni alilazimika kuweka ndani yake alama ya biashara ya kampuni, na akifanya hivyo amejikamatisha mwenyewe. Ila kwa mtumiaji ilikuwa pia kipimo cha bure. Kaseti ikiwa chafu, jina linashuka limekatika-katika, na unajua mara moja kwamba tatizo ni miguso. (Na hapana, kupuliza hakusaidii. Unyevu wa pumzi yako unazidi kuiozesha. Tumia spiriti.)

Baada ya hapo nikataka kumjua aliyefikiria hivi.

Anaitwa Gunpei Yokoi, mzaliwa wa Kyoto, 1941. Alisoma elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo. Usifikirie Nintendo ya leo. Wakati huo ilikuwa kampuni ya karata. Ilianzishwa 1889 kutengeneza hanafuda, karata za Kijapani zenye picha za maua, na kazi ya kijana huyu ilikuwa kuangalia mashine za kuchapia karata zisiharibike. Mashine zikiwa nzima, fundi hana kazi. Yokoi akawa anajitengenezea vichezeo vya kupoteza muda. Kimoja kilikuwa mkono wa kukunjuka, vijiti vinavyopishana kama mkasi: ukibana huku, unarefuka kule unashika kitu. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akamkuta nacho. Wewe ungetegemea barua ya onyo. Yamauchi akamwambia akifanye bidhaa. Kiliuzwa 1966 kwa jina la Ultra Hand, na zaidi ya milioni moja zikanunuliwa. Fundi wa mashine za karata akageuka mbunifu wa vichezeo.

Kisa cha pili kinasimuliwa sana. Yokoi yuko kwenye treni ya mwendokasi, Shinkansen, anamwona mfanyakazi wa ofisini amechoka, anabonyeza-bonyeza kikokotoo bila kukokotoa chochote. Anaua muda tu. Yokoi akawaza: je, kingekuwapo kitu cha ukubwa ule, ambacho mtu mzima anaweza kukichezea mapajani bila jirani kumshangaa?

Sasa zingatia mazingira. Miaka ya sabini kampuni za Japani, Sharp na Casio mbele, zilikuwa zimepigana vita vikali vya vikokotoo. Kila mwaka vidogo zaidi, rahisi zaidi. Matokeo yake, vioo vya LCD na chipu za kikokotoo, vitu ambavyo zamani vilikuwa miujiza ya maabara, vikawa vinatengenezwa kwa wingi na kwa bei ya kutupa. Mwaka 1980 Nintendo ikatoa Game & Watch: kikokotoo kisichokokotoa, chenye mchezo mmoja na saa. Ziliuzwa milioni 43 na ushee. Ile ya 1982 yenye mchezo wa Donkey Kong ndiyo iliyoleta kitufe cha msalaba, kile ambacho watoto wa dunia nzima wamekisugua kwa kidole gumba tangu hapo.

Yokoi alikuwa na jina la namna yake ya kufikiri. Kwa Kijapani neno lake la kwanza ni *kareta*, yaani iliyonyauka, iliyokauka. Teknolojia iliyokauka, ukiifikiria kwa upande, kwa matumizi ambayo haikuumbwa nayo. Wanaotafsiri wengi huliacha kwenye "kunyauka", kama ua. Mimi nadhani sisi tuna picha nzuri zaidi. Nenda kwa fundi seremala, mwambie akutengenezee mlango wa mbao iliyopasuliwa jana. Atakataa, kama ni fundi kweli. Mbao mbichi inapendeza, inanukia, lakini itapinda, na mlango utagoma kufunga. Fundi anataka mbao iliyokaa, iliyokwisha kufanya vituko vyake vyote, ambayo tabia yake inajulikana. Teknolojia mpya ni mbao mbichi: ghali, na hujui itapindia wapi. Iliyokauka ni rahisi, kila kiwanda kinaijua, na mshangao unabaki kwako wewe mbunifu, kwenye mlango utakaotengeneza.

Ila tusimpe Yokoi kila kitu. Msaidizi wake, Satoru Okada, amewahi kueleza kwamba Yokoi mwanzoni alitaka kichezeo chepesi tu cha kuirithi Game & Watch, na kwamba yeye Okada ndiye aliyesukuma iwe mashine kamili ya kubadilisha kaseti, yenye kuwavutia watunga michezo kwa miaka. Wazo la kaseti lenyewe halikuwa geni: Wamarekani wa Milton Bradley walishatoa Microvision mwaka 1979, yenye kioo cha nukta 16 kwa 16 kilichokuwa kikioza haraka. Game Boy ilitoka kwenye mvutano wa watu wawili, mmoja anavuta kamba upande wa wepesi na mwingine upande wa uwezo.

Na ilitoka na nini? Kioo cha nukta 160 kwa 144. Rangi nne, na nne zenyewe ni kivuli kimoja kikikolea: kijani, kijani, kijani, na cheusi kidogo. Prosesa iliyotengenezwa na Sharp, inayopiga mizunguko milioni 4.19 kwa sekunde. Kumbukumbu ya kazi kilobaiti 8, na nyingine 8 za picha. Picha moja unayomtumia mtu WhatsApp ni kubwa kuliko kumbukumbu yote hiyo mara nyingi. Mbele imejisifu kwamba ina sauti ya stereo, nayo ina spika moja. Stereo utaisikia ukivaa vipokea sauti vya masikioni.

Unawezaje kuchora dunia nzima kwa kilobaiti 8? Kwa kutochora. Mashine haikumbuki nukta moja moja. Inakumbuka vigae. Kila kigae ni nukta 8 kwa 8, na kioo kizima ni vigae 20 kwa upana, 18 kwa urefu. Unatunga seti ya vigae (tofali, wingu, ukingo wa bomba, herufi), kila kimoja baiti 16 tu, halafu unaiambia mashine: hapa weka namba 5, hapa namba 12, pale namba 5 tena. Ukiwahi kumwona mama anayesuka mkeka wa ukindu, utaelewa. Hana picha ya mkeka mzima kichwani. Anajua mtindo wa ukili mmoja na mahali pa kuurudia.

Sasa hesabu nyingine, nzuri zaidi. Tetris. Alexey Pajitnov aliutunga mchezo huo Moscow katikati ya miaka ya themanini, katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti. Februari 1989 mfanyabiashara Henk Rogers alitua Moscow kwa viza ya utalii, akaibisha hodi bila mwaliko kwenye shirika la serikali lililomiliki haki za mchezo, na hatimaye Nintendo ikapata ruhusa ya kuuweka mkononi. Rogers anasimulia kwamba hoja yake kwa Nintendo ya Marekani ilikuwa fupi: mkiitoa mashine pamoja na Mario mtawauzia watoto wa kiume, mkiitoa na Tetris mtamuuzia kila mtu. Walimsikiliza. (Pajitnov mwenyewe alisubiri hadi 1996 kuanza kupata mgao wake. Ukichoka na mambo ya hakimiliki, kumbuka hilo.)

Lakini uangalie kwa jicho la fundi. Kioo cha Game Boy kina kasoro kubwa: ni kizito kubadilika. Kitu kikikimbia kinaacha mkia kama kimondo. Tetris haina kinachokimbia. Vipande vinashuka hatua kwa hatua. Kila tofali la Tetris ni kigae kimoja, na kiwanja cha kuchezea kina mistari 18, sawasawa na urefu wa kioo, hakizidi wala hakipungui. Rangi hazihitajiki. Kaseti nzima ni kilobaiti 32. Ni kama mchezo na mashine vilipimwa kwa fundi cherehani mmoja, na wala havikupimwa pamoja.

Washindani hawakuchelewa. Mwaka huohuo wa 1989 Atari ikatoa Lynx: rangi, kioo chenye taa ndani, bei karibu dola 180 wakati Game Boy iliuzwa chini ya dola 90. Mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear, nayo ya rangi, nayo yenye taa. Ziweke tatu dirishani mwa duka, mtoto yeyote atanyoosha kidole kwenye ya rangi. Mimi ningenyoosha pia. Yokoi amesimulia kwamba mfanyakazi wake alimjia na uso umemshuka, kuna mashine mpya ya kushindana nasi. Swali lake likawa moja: ni ya rangi? Ndiyo. Basi, akasema, tuko salama.

Hayo si majivuno, ni fizikia. Tuelewane hapa.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Ni pazia. Kuna karatasi mbili za kuchuja mwanga, na katikati yake fuwele za kimiminika, molekuli ndefu nyembamba zilizojipanga kama ngazi ya mzunguko, zinazouzungusha mwanga upite. Ukizipa umeme zinajipanga upya, mwanga unaziba, nukta inakuwa nyeusi. Nyuma kabisa Game Boy ina bamba la kurudisha mwanga wa jua au wa balbu ya sebuleni. Umeme unatumika kuvuta pazia tu, na pazia ni jepesi. Ndiyo maana ya ile sheria ya mjomba ya dirishani: taa ya Game Boy ilikuwa jua la Tanga.

Kioo cha rangi cha zama zile kilikuwa hakionekani bila taa nyuma. Lynx na Game Gear zilibeba ndani yake mrija mdogo wa taa, ndugu wa ile mirija mirefu ya darasani. Taa inakula umeme iwe mchezo una kitu au hauna. Zote mbili zilimeza betri sita, na zikazimaliza kwa saa tatu hadi tano.

Mgongoni mwa Game Boy ya mjomba imeandikwa volti 6, wati 0.7. Gawanya: inavuta karibu miliampea 117. Betri nzuri ya alkali ya saizi ile inatoa miliampea-saa 2,000 au zaidi. Gawanya tena: saa 17 hivi. Hiyo ni safari ya basi kutoka Tanga hadi Mwanza na bado una ya kubakiza, ikiwa jirani yako hakuinyang'anya.

Ila sisi hatukuwa na betri za alkali. Tulikuwa na zile za zinki na kaboni za dukani kwa Mangi, ambazo uwezo wake ni nusu ya hapo au chini zaidi. Na hapa ndipo nilipoanza kumwona mjomba upya. Taa nyekundu ya pembeni ikianza kufifia, alizitoa betri akazianika juu ya bati, saa sita mchana, pamoja na dagaa. Nilipokua nikadhani ni ushamba. Si ushamba. Joto linaharakisha mwendo wa ayoni ndani ya betri na kupunguza ukinzani wake. Pumziko linaipa nafasi ile hewa ya haidrojeni iliyojazana kwenye kaboni itawanyike. Hupati nishati mpya, unakwangua ukoko uliobaki kwenye sufuria. Ila unakwangua kwa sababu mashine yenyewe inahitaji kidogo. Ingekuwa Game Gear, betri sita za kwa Mangi zisingemaliza hata filamu moja ya Kihindi, na kuzianika kusingesaidia kitu. Mashine inayovuta umeme mwingi haibabaishwi na ukoko.

Matokeo unayajua. Game Boy na ile ya rangi iliyoifuata ziliuzwa pamoja milioni 118.69. Game Gear ilifika kama milioni 10. Mwaka 1993 mwanaanga wa Urusi, Aleksandr Serebrov, alikwenda na Game Boy yake yenye Tetris hadi kituo cha Mir. Na ipo moja iliyoungua kwenye moto kambini wakati wa Vita vya Ghuba, plastiki ikayeyuka mbele yote, ambayo Nintendo iliiweka kwa miaka dukani kwao New York ikiwa inawaka na inacheza Tetris.

Kwetu zilifika chache. Kilichofika kwa wingi ni mtoto wake wa nje: zile gemu za Kichina za matofali, zilizojisifu kuwa na michezo 9,999 na zote ni Tetris kwa kasi tofauti. Na baadaye ndugu yake wa mbali zaidi. Mwaka 2003, dunia ikiwa imeshaona simu za rangi na kamera, Nokia ilitoa 1100: kioo cha rangi moja, vitufe vilivyofunikwa vumbi lisiingie, tochi kichwani, chaji ya siku nyingi, na mchezo wa nyoka. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Wakenya waliiita mulika mwizi. Sisi tukachukua neno kitochi tukalifanya jina la ukoo mzima wa simu za namna ile. Tochi! Kitu cha zamani kuliko bibi yako, kimewekwa mahali ambapo umeme unakatika saa mbili usiku. Yokoi hakuhusika, lakini naamini angeielewa haraka kuliko wengi wetu tulioicheka.

Ingekuwa raha kuishia hapa, shujaa ameshinda. Hapana. Mwaka 1995 Yokoi huyohuyo, kwa kanuni ileile, alitoa Virtual Boy: miwani mikubwa ya kuwekwa juu ya meza, unaingiza uso, unaona picha zenye kina. Alichagua taa za LED nyekundu peke yake kwa sababu ndizo zilizokuwa zimekauka: rahisi, hazili umeme. Za bluu zenye mwanga mkali zilikuwa ndiyo kwanza zinatoka maabara. Matokeo yake ni dunia nyekundu juu ya weusi, shingo inauma, macho yanachoka, na huwezi kumwonyesha mwenzako unachokiona. Ziliuzwa chini ya milioni moja, na ndani ya mwaka zikaondolewa sokoni. Yaani mbao ilikuwa kavu, lakini hakuna aliyehitaji mlango pale. Agosti 1996 Yokoi aliondoka kampuni aliyoitumikia miaka 31, akafungua karakana yake, akaanza kubuni mashine nyingine ya mkononi, WonderSwan, yenye kutumia betri moja tu. Hakuiona sokoni. Tarehe 4 Oktoba 1997 alifariki katika ajali ya barabarani, akiwa na miaka 56.

Ninalifikiria sana hilo la Virtual Boy, kwa sababu linanihusu. Utafiti wangu wa shahada ni kifaa cha kupima unyevu wa mahindi ghalani, ili mkulima ajue kama yamekauka vya kutosha kabla sumukuvu haijaingia. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa na kioo cha rangi cha kugusa. Grafu zake zilipendeza, kwenye mawasilisho ya chuo nilipigiwa makofi. Nilikipeleka kijijini, nikamwachia mama mmoja mtunza ghala, nikamwomba apime kila asubuhi kwa mwezi. Niliporudi, daftari lake lilikuwa na vipimo vya siku mbili. "Kilizima mwanangu," akaniambia, bila lawama, kama mtu anayekueleza kwamba kuku amekufa. Alikuwa amekifunga kwenye kanga akakiweka kabatini ili kisiharibike. Mahindi aliendelea kuyapima kwa kuyatafuna, kama zamani.

Cha sasa kina kioo cha kijivu, aina ileile ya kwenye vikokotoo. Kinaonyesha namba moja kubwa na alama ya betri. Kinatumia betri mbili za saa ya ukutani, na kwa hesabu zangu zitafika msimu mzima. Msimamizi wangu amekitazama akaniuliza, kwa upole wake, kama nina hakika wasahihishaji hawataona ni kitu cha kizamani. Sina hakika. Wala sina hakika kwamba sijajenga Virtual Boy yangu, kitu rahisi kisichohitajika. Hilo ataniambia yule mama, si mimi wala wasahihishaji. Nakipeleka baada ya mvua.

Gemu ya mjomba nilimrudishia wiki iliyopita. Shikamoo, marahaba, akaipokea kwa mikono miwili. Akaiwasha. Jina likashuka, ikalia *ting*. Akavuta kiti dirishani. Nilipomwambia kwamba siku hizi zinauzwa taa za kufungwa ndani, ucheze hata usiku, aliniangalia juu ya miwani.

"Zinakula betri ngapi?"